Homoni za kukoma hedhi zimeadimika Kigoma, wenzangu mnapata wapi?

Mama Katubuka (mleta uzi)

Habari za humu ndani. Uzi huu ni wa akina mama wa arobaini na kitu kwenda juu, ila akina baba nanyi mkae maana nyie ndo mnaovuliwa shuka na kurudishiwa shuka usiku kucha.

Niko Kigoma mjini, Katubuka, miaka hamsini na moja, hedhi ilikata mwaka juzi. Kabla sijajua ni nini nilitibiwa malaria mpaka basi, unapima haipo unapewa dawa hivyo hivyo, wakahamia UTI, wakahamia taifodi, wakaishia kwenye presha (presha kweli ipo kidogo, natumia dawa), na huku joto linapanda kutoka kifuani linaingia kichwani nalowa chapachapa alafu baada ya dakika chache natetemeka baridi. Mpaka nikakutana na daktari mmoja mama mtu mzima ndo akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza, siku zako umeziona lini mara ya mwisho? Nikamwambia. Hakutaka hata kipimo kingine cha malaria.

Akaniandikia jeli ya estrojeni ya kupaka mkononi kila asubuhi na vidonge vya projesteroni vya kumeza usiku. Jamani nililala. Hata ukali ulipungua, muulizeni mdogo wangu nafanya naye biashara ya dagaa pale Kibirizi, alidhani nimeokoka.

Sasa jeli imepotea. Nimeuliza Mwanga, nimeuliza Ujiji, huku wanakwambia haijaja, kule wanakwambia msambazaji Dar naye hana, na famasi moja kijana alikuwa mkweli akaniambia mama hii dawa haitoki, tukileta inaisha muda shelfuni hivyo bosi kaacha kuagiza. Kwingine wakataka kunipa vidonge vya majira, eti ni homoni hizo hizo. Nikaviacha kwenye kaunta. Daktari wangu yuko masomoni, na jeli niliyonayo inakaribia kuisha.

Wenye uzoefu naombeni mnisaidie, mnapata wapi, na ikikatika ghafla inakuwaje?

mgebuka_mkavu

Ngoja waje wataalam, mi nimekaa na kahawa yangu. Ila hilo joto TANESCO wakikata umeme hapa Gungu tunalo wote, wake kwa waume.

Mzee wa Bangwe

Mleta uzi usichukie, lakini bibi zetu walikoma hedhi wakaendelea kulima mihogo na kukaanga mawese, hakuna aliyepaka jeli. Haya mambo tunayasoma kwenye simu alafu tunayaona mwilini.

Nesi Mstaafu

Mzee wa Bangwe shikamoo. Bibi zetu walikaa kimya, hawakuwa wazima. Wangapi uliwaona mgongo umepinda wanatembea wanaangalia chini tukasema ni uzee? Wangapi walianguka bafuni nyonga ikavunjika, hawakuinuka tena? Estrojeni ikishuka mifupa inapungua haraka, hasa ile miaka ya mwanzo. Nimefanya kazi wodini nimewaona.

Ila nakupa nusu ya haki. Si kila mama lazima atumie hizi dawa, kuna anayepita na joto mbili tatu za hapa na pale yamekwisha. Zimewekwa kwa anayeteseka, na kwa yule ambaye hedhi imekata mapema kabla ya wakati.

Shangazi wa Kasulu

Hapo kwenye kukata mapema mmenigusa. Mdogo wangu alifanyiwa upasuaji akatolewa kizazi na vifuko vyote viwili vya mayai, ana miaka 38. Wiki hiyo hiyo joto likaanza, anashuka kitandani anafungua mlango anakaa nje. Wameandika estrojeni ya vidonge na Kasulu hapa hata ukitaja jina wanakushangaa. Je yeye naye anahitaji ile ya pili ya usiku?

kaunta_ya_dawa

Mama Katubuka shikamoo, na Shangazi pia. Mi ni mfamasia, sa hivi siko Kigoma ila nilishafanya kazi hapo Mwanga, hali naijua. Nitaandika kirefu maana kaunta foleni ikiwepo haya hayasemeki.

Umefanya vizuri kuviacha hivyo vya majira. Vile vya kawaida vina ethinili estradioli, mikrogramu 30 kila kidonge, na mtu akisikia mikrogramu anaona kidogo, kumbe hiyo ni estrojeni ya kutengenezwa inayofanya kazi kwa nguvu sana kwenye ini kuliko estradioli ya kwenye jeli, inapandisha presha na inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kwa binti wa miaka 22 hatari hiyo ni ndogo. Kwa mama wa 51 mwenye presha ni habari nyingine kabisa. Alafu kuna mama alikuwa anameza vile vya kahawia tu vya mwisho wa paketi, shoga yake kamwambia ndo vya watu wazima. Mama zangu vile vya kahawia ni madini ya chuma, homoni hamna hata chembe.

Sasa shikeni hili kuliko yote nitakayosema. Hizo dawa mbili kila moja ina kazi yake. Estrojeni ndo inayozima joto, inaleta usingizi, inalinda mifupa. Projesteroni inalinda kizazi, kwa sababu estrojeni peke yake inakuza ule utando wa ndani ya mfuko wa uzazi na ikiendelea hivyo miezi na miezi inaweza kuzaa saratani ya hapo. Kwa hiyo ikiisha jeli ukabaki na vidonge vya usiku, utateseka na joto lakini kizazi hakijawekwa hatarini. Vikiisha vya usiku ukabaki na jeli, hapo ndo pa kumtafuta daktari wiki hiyo hiyo. Na watu wanafanya kinyume chake! Hela ikipungua wanaacha kile kisichowapa raha wanabaki na jeli kwa sababu ndo inayolaza.

Shangazi, mdogo wako hana kizazi kwa hiyo kwa kawaida estrojeni peke yake inamtosha, isipokuwa kama alitolewa kwa sababu ya endometriosisi (utando kama ule wa ndani ya kizazi unaota nje ya kizazi), hapo daktari wake aseme. Ila kati ya wote humu yeye ndo asiyetakiwa kukaa bila dawa. Aliyetolewa vifuko vya mayai kabla ya 45 anashauriwa kutumia mpaka afike ule umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, kama 51 hivi, kwa ajili ya mifupa na moyo, hata kama joto halimsumbui. Ila kama upasuaji ulikuwa wa saratani lazima waliomfanyia waseme kwanza.

Shangazi wa Kasulu

Ilikuwa uvimbe wa kawaida, majibu yalitoka salama. Asante mwanangu.

Baba Watatu

Mkuu kaunta, mke wangu anateseka lakini ukimtajia homoni anasema zinaleta saratani ya matiti, shemeji yake aliyeko Dar kamtumia ujumbe. Kuna ukweli?

kaunta_ya_dawa

Kuna ukweli ndani yake, umepikwa ukapitiliza. Julai 2002 kule Marekani walisimamisha sehemu ya utafiti mkubwa unaitwa WHI, wanawake zaidi ya 16,000, nusu wanameza estrojeni iliyotolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba pamoja na medroksiprojesteroni, nusu vidonge visivyo na dawa. Kwa waliomeza dawa saratani ya matiti ikaongezeka, kama wanawake 8 zaidi katika kila 10,000 kwa mwaka. Dunia nzima ikatupa vidonge jalalani. Kilichochelewa kusikika ni kwamba wastani wa umri wa wale mama ulikuwa miaka 63, wengi walikuwa wamepita kitambo umri wa kuanza hizi dawa, na wale waliotumia estrojeni peke yake kwa kuwa hawana kizazi saratani ya matiti kwao haikuongezeka. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatangaza kuliondoa onyo kubwa la saratani ya matiti lililokuwa kwenye maelezo ya dawa hizi.

Hiyo haina maana kila mtu anywe. Mama aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au damu iliwahi kuganda mguuni au kwenye mapafu, au ana ugonjwa mkubwa wa ini, au anatokwa damu na sababu haijajulikana, huyo asianze kwa kusoma uzi.

Nesi Mstaafu

Hapo kwenye kutokwa damu naomba nipige kelele. Hedhi ikishakata mwaka mzima alafu ukaona damu, hata tone, nenda ukapimwe. Msiseme ujana umerudi. Nchini kwetu saratani ya mlango wa kizazi ndo inaongoza kwa wanawake, na kile kipimo chake cha siki, wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia, kinafanyika mpaka vituo vya afya. Aliyeanza homoni karibuni anaweza kuona matone miezi ya mwanzo lakini hata huyo amwambie daktari asikae nalo.

Mwanaisevya

Nasoma toka Tabora. Mama Katubuka yako yalinipata mwaka jana, mimi ni plasta ile ya kubandika kiunoni unabadilisha mara mbili kwa wiki. Nikazunguka na cheti mji mzima haipo haipo haipo.

Nilichogundua (na hapa kaunta atanisahihisha) daktari wangu aliandika jina la boksi. Kijana wa kaunta anaandika lile jina kwenye kompyuta, halipo, anakurudishia cheti. Hakuna anayejihangaisha kuangalia kama dawa hiyo hiyo ipo ya kampuni nyingine. Nikarudi kwa daktari nikamwambia niandikie jina la dawa yenyewe, estradioli, na kipimo chake, na kama ni ya kubandika au kupaka au kumeza, alafu chini yake andika kama hii hamna apewe ipi kwa dozi gani. Alinitazama kidogo kisha akaandika. Kile cheti cha pili kilinipatia dawa, si plasta, ni jeli, lakini nililala.

La pili ni hilo kijana wa Mwanga alilokwambia kwamba haitoki. Huo ndo ugonjwa wa huku kwetu, kwa Ulaya kweli dawa zinaisha viwandani lakini huku mara nyingi mwenye famasi anaogopa kuagiza paketi kumi akauza mbili. Tukatafutana akina mama wachache tunaotumia, kuna mwalimu, kuna wa Kanyenye anauza vitenge, mwingine wa Nzega, tukaenda kwa mwenye famasi mmoja mwenye mfamasia kweli sio duka la panadol, tukamwambia sisi hapa kila mwezi tunachukua, tukatanguliza nusu ya hela. Siku hizi anaagiza bila kusukumwa.

kaunta_ya_dawa

Mwanaisevya sina cha kusahihisha, ningekuwa na famasi ningekuajiri. Niongeze tu kwamba hata huko viwandani si uongo. 2022 Uingereza jeli ilikauka mpaka mwishoni mwa Aprili serikali ikaweka utaratibu mama asipewe zaidi ya dozi ya miezi mitatu kwa mara moja, na wakamteua mtu maalum kusimamia hilo tu. Australia nao plasta zimewasumbua miaka ya karibuni. Sasa kama wao wanagombania, msambazaji wa Dar anayeleta boksi chache atapewa za mwisho, na kutoka Dar mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli.

Kuhusu kubadilisha msipige hesabu wenyewe. Kidonge cha miligramu 1 na plasta ya mikrogramu 50 ukitumia hesabu za shule utasema kimoja ni mara 20 ya mwenzake, kumbe kazi yao inakaribiana, kwa kuwa kidonge kinapita tumboni na kwenye ini kwanza na kingi kinapotelea huko. Na ni huko kwenye ini kidonge kinapoongeza kidogo hatari ya damu kuganda, ambayo ya kupitia ngozi kwa dozi za kawaida haionekani kuiongeza. Nadhani ndo maana Mama Katubuka na presha yake alipewa jeli. Kwa hiyo daktari mwingine akitaka kukuhamishia vidonge mtajie presha kabla hajaandika.

Projesteroni ina ndugu zake, didrojesteroni, medroksiprojesteroni, noretisteroni. Hizi mbili za mwisho famasi nyingi za mikoani zipo kwa sababu zinatumika kwa akina mama wanaotoka damu nyingi, daktari anaweza kukuandikia mojawapo ya kukuvusha, ila dozi na siku za kumeza ni zake yeye. Na mtu asiende kuchoma sindano ya miezi mitatu kwa kujiamulia eti ni medroksiprojesteroni pia.

Anayetumia dawa za TB zenye rifampisini, au za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, aseme. Zinaimaliza homoni mwilini haraka, hasa ya kumeza, utadhani dawa ni feki.

mgebuka_mkavu

Sa mnahangaika nini na Tabora, Bujumbura hapo pua na mdomo. Jamaa yangu wa boti analeta kila kitu, boksi limeandikwa Kifaransa safi.

kaunta_ya_dawa

Na limekaa juani ziwani saa ngapi? Boksi ambalo halijapita TMDA, mamlaka ya dawa ya hapa nchini, hujui ndani kuna nini na hujui limehifadhiwaje, na likikudhuru hakuna wa kumuuliza, jamaa wa boti atakuwa Kalemie. TMDA wana ofisi ya kanda ya magharibi hapo Tabora, mwenye mashaka na dawa aliyouziwa awapelekee.

mgebuka_mkavu

Basi nimerudi kwenye kahawa.

Mama Katubuka (mleta uzi)

Jamani nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Kwa hiyo kaunta, hii jeli ikiisha kabla sijapata nyingine naendelea na vidonge vya usiku au naacha vyote? Na je niipunguze hii iliyobaki niivute vute?

kaunta_ya_dawa

Vya usiku ukiendelea navyo wakati jeli haipo havikuharibii kitu, wengine vinawasaidia hata usingizi, ila ukivimaliza navyo ni shida nyingine ukija kupata jeli, kwa hiyo usijiamulie, piga simu huko ulikotibiwa hata kama daktari mwenyewe hayupo faili lipo. Kuhusu kuvuta, wapo madaktari wanaomshusha mtu kidogo kidogo ili joto lisirudi kwa kishindo. Kukatika ghafla hakuui, si kama dawa za presha au kisukari, ila joto linaweza kurudi ndani ya siku au wiki chache.

Na kama inaonekana itachukua muda, muulize daktari kuhusu zisizo homoni. Venlafaksini ambayo ni dawa ya sonona, na gabapentini ya maumivu ya neva, zote mbili zinapunguza joto, hazifikii estrojeni lakini zinapunguza, na hospitali kubwa zinapatikana kirahisi zaidi. Ila venlafaksini inaweza kupandisha presha, kwa hiyo hapo napo uitaje presha yako.

Asiyejulikana

Samahani nimefungua akaunti kwa ajili ya swali hili. Mimi joto sina tatizo nalo ni ukavu kule chini, tendo limekuwa adhabu na mume anadhani simtaki. Naweza kutumia hiyo jeli ya Mama Katubuka huko?

Nesi Mstaafu

Uwiii usithubutu mwanangu! Hiyo jeli ina pombe, utapiga kelele Ujiji wasikie. Ni ya mkononi au pajani, unapaka unaacha ikauke kabisa ndo unavaa nguo, na usiipake ukiwa jikoni karibu na jiko la mkaa maana inashika moto, na mtoto asikulalie pale ulipopaka kabla haijakauka.

Shida yako ina krimu yake ya estrojeni, dozi ndogo sana, inaishia hapo hapo haisambai mwilini kwa kiasi cha kuhitaji vile vidonge vya usiku. Nayo huku kwetu inaadimika lakini mwambie daktari aandike jina la dawa kama alivyosema Mwanaisevya. Wakati unasubiri tumia kilainishi cha maji, famasi zinauza. Na wale mnaotumia mawese au mafuta ya mgando (msicheke najua mpo), kondomu inapasuka kwa mafuta, sasa kama mume anasafiri safiri fikirieni.

Na mwambie mume wako. Wengi wanaume wakielezwa wanaelewa, wasioelewa ni wale tunaowaacha wabuni wenyewe.

Baba Watatu

Naunga mkono, mi nimemsomea mke wangu uzi huu wote jana usiku, leo kakubali kwenda kupima presha na matiti kwanza alafu ndo tuone. Ila kasema huyo shemeji wa Dar nisimwambie.

Mama Katubuka (mleta uzi)

Mrejesho. Nilirudi kule nilikotibiwa, nikapata daktari mwingine kijana kijana, mwanzo aliona kama namfundisha kazi lakini nilipomwambia nina presha na nina kizazi na natumia vyote viwili akatulia akafungua faili. Cheti kipya kimeandikwa estradioli ya kupaka, na chini kimeandikwa kama hamna basi plasta na nguvu yake. Vya usiku nimepata hapa hapa Mwanga. Jeli bado. Mwanaisevya huyo mwenye famasi wa Tabora anaweza kuniingiza kwenye agizo lenu? Hela natuma kwa simu. Na Shangazi wa Kasulu naye kanifuata inboksi anaulizia vya mdogo wake.

Mwanaisevya

Anaingiza, nimeshaongea naye. Anataka cheti chenyewe sio picha, kwa hiyo kitume kwa basi au mpe mtu anayekuja na treni, jina la hospitali na mhuri visomeke, kisicho na mhuri hapokei hata akiwa dada yake. Dawa ikifika nitaipakia basi la asubuhi akae nayo kondakta mbele kwenye kivuli, mwambie kabisa isiwekwe kwenye buti wala karibu na injini, na wewe ukaipokee stendi siku hiyo hiyo isilale ofisini kwao kwenye bati. Anaagiza Ijumaa. Shangazi na yeye alete cha mdogo wake, ila aandike kwenye bahasha ni vidonge, tusije tukachanganya.